Baba wa Ubatizo wa Mchumba Wangu

Tuliachana mahali pabaya: mimi nimepiga magoti kwenye kiti cha maungamo, na Padri Alois, upande wa pili wa wavu, amekataa kuniondolea dhambi mpaka nikubali kuoa.

Kwa anayeanza kusoma leo, habari yangu ni fupi. Naitwa Bernardo. Mwaka 1949 nilikuwa mwalimu wa hesabu na dini katika shule ya misheni nje ya mji wa Tabora, kando ya njia ya zamani ya misafara iendayo Urambo na Ujiji. Nilikuwa Mkatoliki, na ningali Mkatoliki. Nilimpenda Wenceslaus, mtengeneza mishumaa wa misheni, naye alinipenda. Shangazi yangu Pelagia, aliyenilea, hakujua hilo, na alikuwa amenitafutia mchumba: Minza, binti wa Lugembe wa Lusu, kule Nzega. Minza alikuwa akingoja kubatizwa Pasaka. Harusi ingefuata Jumapili baada ya hapo.

Msomaji mmoja ameuliza kama nilirogwa. Sikurogwa. Mwingine anataka kujua ni nani aliyenifundisha: Waarabu, Wazungu, au seminari. Nimefundishwa mambo mengi na watu wengi, lakini hili hakuna aliyenifundisha. Nilipopata akili nililikuta limo ndani yangu, kama nilivyolikuta jina la ukoo.

Turudi kwenye kiti cha maungamo.

"Oa, mwanangu," Padri Alois alisema. "Ndoa ni dawa."

"Ni dawa ya nani, Padri? Yangu au ya msichana?"

"Usibishane katika maungamo."

"Sibishani. Nauliza mgonjwa ni nani, maana naona anayenyweshwa dawa ni mwingine."

Alivuta pumzi kwa nguvu. Alikuwa mtu wa Ulaya mwenye ndevu ndefu na subira fupi.

"Ukija na ahadi ya ndoa, utapata maondoleo na Komunyo ya Pasaka. Usipokuja nayo, hutapata. Nenda."

Jambo moja lieleweke mapema. Padri alijua dhambi yangu, lakini hakujua niko na nani. Sheria ya Kanisa inamkataza padri kumuuliza muungamaji jina la mwenzake. Hiyo naisifu. Ni mojawapo ya sheria chache zilizotungwa na mtu aliyewahi kuishi na binadamu.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha nta. Wenceslaus alikuwa akimimina nta juu ya utambi wa Mshumaa wa Pasaka, tabaka juu ya tabaka. Mizinga yake ilitundikwa porini kote huko nyuma ya misheni, na mwili wake haukuisha harufu ya asali na moshi.

Nikamweleza. Akaendelea kumimina.

"Basi oa," akasema.

"Umesema nini?"

"Oa, Mwalimu. Kila mtu anaoa. Shangazi atatulia, Padri atatulia, nawe utaendelea kuja kunitazama nikiyeyusha nta. Nani ataumia?"

"Nisimame altareni niape kwamba nitampenda kama mke, hali najua siwezi?"

"Wangapi wanaapa hivyo na hawawezi? Kawaulize wake zao."

"Mimi si hao wangapi."

"Ndiyo taabu yako. Ungekuwa kama hao, tungeishi raha mustarehe."

Nikamuuliza yeye huwa anaungama nini. Alicheka.

"Naungama nilipomkosea mtu. Mwaka jana nilichanganya mafuta ya ng'ombe kwenye nta ya kanisa. Nikaungama, nikapewa kitubio, yakaisha."

"Na hili letu?"

"Hili letu tumemkosea nani? Nitajie jina, nami kesho nakwenda kupiga magoti."

"Hilo si jibu, Wenceslaus. Ni kukwepa swali kwa uso mzuri."

"Uso mzuri umeuona, basi nashukuru."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Dini yake ilimtosha kama shati kuukuu, wala hakuwahi kujitazama kwenye kioo. Mimi nilikuwa nimesoma. Nilikuwa nimefika mahali pangu kwa kufikiri, na mahali penyewe palikuwa hapa: Mungu aliyeniumba hana haja nimdanganye juu ya alichokiumba. Mengine sikuwa na hakika nayo, na sikujifanya ninayo. Amri ya nane nilikuwa na hakika nayo, ile ya kutosema uongo. Padri alinitaka niivunje hiyo mbele ya altare, kwa kiapo, huku watu wakiimba, ili aitibu ile ya sita, ya uzinzi.

Huo si ukali wa dini. Huo ni ufundi mbovu.

Nikiwa njiani kurudi nyumbani ndipo nilipokumbuka somo la vizuizi vya ndoa.

Nimekwisha kuwaambia kwamba niliacha seminari kuu nikiwa sijamaliza. Mwaka nilioondoka tulikuwa tunasoma sheria za ndoa. Kwa sheria ya siku zile, anayemsimamia mtu katika ubatizo anakuwa mzazi wake wa roho, na mzazi wa roho hawezi kumwoa mwanawe. Wakifunga ndoa, ndoa ni batili. Tena mwanamume aweza kumsimamia mwanamke. Anayebatizwa ndiye anayemtaja msimamizi wake, na msimamizi sharti amguse wakati maji yanamwagwa. Yatosha mkono begani.

Mkono mmoja begani mwa Minza, na Kanisa lenyewe lingenikataza kumwoa.

Nilitembea nikitabasamu peke yangu. Kila mwenye nusu ya elimu hutabasamu hivyo.

Asubuhi yake nilimkuta Minza nje ya nyumba ya wakatekumeni wa kike, wale wanaongoja ubatizo, akibambua karanga. Alikuwa msichana mrefu, mwenye macho yasiyokimbia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nimekuja kukuomba jambo. Jumamosi Kuu, Padri atakapouliza msimamizi wako, nitaje mimi."

"Nimeshapewa mke wa katekista."

"Mwache. Nitaje mimi."

Akaweka ungo chini. "Kwa nini? Baba ninaye. Nilidhani naletewa mume."

"Nikikusimamia, hatutaweza kuoana kamwe. Ndiyo sababu."

Nilitegemea machozi. Kwa hakika nilikuwa nimebeba leso. Minza alibambua karanga moja, akaitia mdomoni.

"Una mwanamke mwingine?"

"Sina."

"Una ugonjwa?"

"Sina."

"Unataka kurudi kwenye upadri?"

"Sitaki."

"Basi ni ubishi tu."

"Siwezi kuapa kwamba nitakupenda kama mke. Sababu ni yangu. Mimi sisemi uongo, Minza, wala sitaanza na wewe."

Alibambua karanga nyingine.

"Mimi pia sikukuchagua," akasema. "Nilichagua ubatizo. Baba hajabatizwa. Alinikubalia kukaa misheni kwa kuwa aliahidiwa mkwe mwalimu. Akikukosa wewe, atanipeleka Igunga kwa mchuuzi mmoja wa ng'ombe, na huyo ana wake wawili. Nitakuwa Mkristo gani hapo, mke wa tatu?"

Hilo sikuwa nimelijua. Shangazi hakuona haja ya kuniambia. Kwake msichana alikuwa na safari moja tu, nayo ilikuwa inaishia kwangu.

"Msimamizi ana kazi gani?" akauliza.

"Kuilinda imani ya mtoto wake wa ubatizo."

"Maneno matupu, au ni kiapo?"

"Ni ahadi mbele ya Mungu."

"Basi simama, Mwalimu. Lakini baba akitaka kunipeleka Igunga, utanilinda. Umesema husemi uongo."

"Nitakulinda," nikasema.

Nilisema kwa wepesi, kama mtu anayeahidi kurudisha mwavuli.

Zamani zile ibada ya Jumamosi Kuu ilifanywa asubuhi. Kanisa lilijaa mpaka nje. Mshumaa wa Wenceslaus ulisimama mbele, mnene na mnyoofu, naye alikaa karibu nao akiutazama kama mama anayetazama mtoto akisoma shairi. Lugembe alikuwa amekuja kutoka Lusu, mzee mkavu mwenye fimbo, akikaa kitako pale wengine walipopiga magoti.

Zamu ya Minza ikafika.

"Msimamizi wake ni nani?" Padri aliuliza, akimtazama mke wa katekista.

"Mwalimu Bernardo," Minza akajibu kwa sauti ya darasani.

Nikatoka kwenye benchi, nikaweka mkono wa kuume begani mwake.

Padri Alois alielewa palepale. Yeye alikuwa amelisoma somo hilo lote.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini, "ondoa mkono."

"Mbatizwa amenitaja, Padri."

"Nimesema ondoa."

"Ndiye ninayemtaka," Minza akasema, na kichwa kimeshainamishwa juu ya beseni.

Watu walikuwa wanatazama. Kuahirisha ubatizo wa msichana aliyefundishwa miaka yote ile, mbele ya baba yake ambaye hajabatizwa, kungekuwa aibu kubwa kuliko mkono wangu. Padri akamwaga maji. Minza akawa Tekla.

Ndipo Shangazi Pelagia alipopiga vigelegele katikati ya Kilatini.

Katekisimu aliijua yote kwa moyo, swali na jibu, kama kasuku. Lakini hakuona kizuizi. Aliona bwana arusi mwenye haraka, aliyeshindwa kungoja Jumapili ndipo amshike mchumba wake. Wanawake wa benchi lake wakamwitikia. Kanisa zima likashangilia uchumba uleule uliokuwa unakufa mbele ya macho yao.

Sijawahi kuona umati ukikosea kwa furaha namna ile.

Aliyewafumbua macho hakuwa Mkristo. Nje alikuwa akingoja Swaumu, Mzigua wa mjini ambaye babu yake alikuja na misafara akabaki Tabora. Alikuwa mtani wetu, na mtani haalikwi wala hafukuzwi. Alikuja kudai sehemu yake ya karamu. Akamsikia katekista akimwita Minza na kumwambia, "Nenda kwa baba yako wa ubatizo mpigwe picha."

"Baba yake nani?" Swaumu akadakia. "Si huyu ndiye mumewe?"

"Baba wa ubatizo," katekista akasema, na hapohapo akanyamaza, maana naye alikuwa amejisikia.

Swaumu akajishika kiuno.

"Lahaula! Enyi Wanyamwezi! Babu zenu walibeba pembe za ndovu za watu mpaka pwani, wasidondoshe hata moja. Ninyi mke mmoja, kutoka mlangoni mpaka penye maji, mmemdondosha! Pelagia, mtani wangu, mwanao kaingia bwana arusi, katoka baba wa bibi arusi! Sasa mahari atajilipa mwenyewe?"

Watu wakaangua kicheko. Maneno ya mtani hayakasirikiwi, akasirikaye amekiri. Shangazi naye akacheka, kwa kuwa ndiyo desturi. Alicheka, alicheka, kisha kicheko kikamwishia mdomoni na mdomo ukabaki wazi.

"Bernardo," akasema. "Anasema kweli huyu?"

"Anasema kweli, Shangazi."

"Hukujua?"

"Nilijua."

Hakunipiga. Alifungua kitenge kilichokuwa kiunoni, akakifunga upya kwa nguvu, akaenda sakristia. Nikamfuata, kwa kuwa Padri alikuwa ameniita huko. Lugembe na Minza walikuja nyuma yetu.

Padri Alois alikuwa akivua mavazi ya ibada.

"Umeitumia sheria ya Mungu kama panya anavyotumia tundu," akaniambia.

"Tundu sikulitoboa mimi, Padri."

"Kwa nini umefanya hivyo?" Shangazi alilia. "Padri, muulize! Kwa nini?"

Padri aliendelea kukunja mavazi yake. Sababu aliijua, lakini aliijua kwa maungamo, na hakuweza kuigusa hata kwa kope. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwonea huruma. Huruma yenyewe haikudumu.

"Mwalimu," akasema, na sasa alitabasamu, "seminari uliondoka lini?"

"Tukiwa kwenye vizuizi vya ndoa."

"Pole. Muhula uliofuata tunafundisha ruhusa. Kizuizi hiki ni chepesi. Askofu anaweza kukiondoa, mkimwomba, ikiwa kuna sababu ya haki."

Shangazi akapiga makofi. Nilikuwa nimejenga ukuta wangu kwa kitabu kilichochanika, na nikajiita mtu wa hakika!

"Sitaomba," nikasema.

"Basi msiniweke hapa," Lugembe akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema. "Binti yangu si kuku wa kupimwa uzito na kurudishwa. Mwalimu hamtaki. Igunga kuna mtu anamtaka. Kesho tunaondoka."

"Amebatizwa leo!" Padri akasema. "Huwezi kumpeleka kwenye ndoa ya wake wengi."

"Ninyi mmempa jina. Mimi nilimpa mwili. Tuone kipi kinatembea."

Minza alikuwa na nguo yake nyeupe na mshumaa wake mdogo. Hakulia. Aliniangalia mimi.

"Baba," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo, na Lugembe aligeuka akidhani ameitwa yeye. "Uliahidi kunilinda. Njia ni moja. Mwombe Askofu ruhusa, unioe."

Sasa tazameni nilipofika. Nilikuwa nimeahidi ukweli mmoja, na ukweli huo ulinidai uongo. Nikiilinda ahadi niliyompa Minza, nitaapa kiapo cha bandia Jumapili. Nikikikataa kiapo, huyu anakwenda Igunga kwa ajili ya usafi wangu. Nilitafuta mlango wa tatu. Nilifungua kinywa kusema nitampeleka kwa masista, na Lugembe akacheka kabla sijamaliza.

"Masista watanizalia wajukuu?"

Mlango wa tatu ulifunguliwa na mwingine. Wenceslaus aliingia na Mshumaa wa Pasaka mikononi. Alikuwa amesikia yote. Sakristia ile haikuwa na dari.

"Mimi nitamwoa," akasema.

Akauweka mshumaa mahali pake, akapangusa mikono kwenye kaptula.

"Mimi si baba yake wa ubatizo. Sina mke, sijaposa popote. Mzee Lugembe, nina mizinga kutoka hapa mpaka usikofika mguu wako. Asali ni mali."

"Asali ni mali," Lugembe akakubali polepole. "Unapiga watu?"

"Napiga nyuki moshi tu."

Minza akacheka. Tangu nimfahamu sikuwa nimemsikia akicheka, na kilikuwa kicheko kizuri, cha mtu aliyetua mzigo.

"Huyu ana maneno," akasema. "Huyu namtaka, Padri. Nimemchagua mwenyewe."

Nilimtazama Wenceslaus. Hakunikwepa. Uso wake ulisema kilekile alichosema kibandani: nani ataumia? Alidhani ananiokoa. Alidhani anamwokoa Minza, na Shangazi, na kila mtu, kwa kiapo kimoja cha bure ambacho mimi, kwa kiburi changu, nilikuwa nimekiona kizito. Kesho angeungama mafuta ya ng'ombe, na hili asilitaje.

Na yule msichana? Angeingia nyumbani kwake kwa furaha, akisubiri mapenzi ambayo hayapo. Ile dawa niliyokataa kumnywesha mimi, sasa angenyweshwa na Wenceslaus.

Padri Alois alikuwa amekunjuka uso kama mtu aliyeokota kitu barabarani. Aliketi, akatuita sote tusogee.

"Tutatangaza ndoa kesho," akasema. "Lakini kwanza swali la sheria." Akanigeukia, bila ubaya wowote, naapa hakuwa na ubaya. "Mwalimu, wewe ndiye baba yake mbele ya Mungu. Tena huyu kijana unamfahamu kuliko sisi sote. Unajua lolote kwake ambalo binti huyu anapaswa kulijua kabla hajasema ndiyo?"

Nilijua vizuizi vyote vya kitabu. Hili letu halikuwemo. Kama angeuliza kuhusu kizuizi, ningejibu hapana na kitabu kingenitetea. Hakuuliza hivyo. Nikisema kweli, Wenceslaus atafukuzwa misheni kabla nta haijapoa, na sheria ya Serikali ina jela yake kwa watu kama sisi. Nikisema hapana, nimemdanganya mwanangu wa kwanza saa ileile aliyozaliwa.

Shangazi alisonya. "Anafikiri nini tena huyu?"

Wenceslaus aliinama, akaanza kukwangua kwa kucha tone la nta lililoganda juu ya meza.

Minza alinigusa begani kwa mkono wa kuume, palepale nilipomgusa yeye.

"Sema tu, Baba," akasema, bado anacheka. "Wewe husemi uongo."